Sura ya Nne: Kila Dawa Ina Shahidi Wake

Mwaka 1962, katika Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, wagonjwa wa vidonda vya tumbo walianza kumezeshwa puto. Lilipitishwa kooni likiwa limenywea, na lilipofika tumboni likajazwa spiriti iliyopozwa hadi chini ya nyuzi sifuri, ikizunguka kwa mirija kutoka kwenye mashine iliyosimama kando ya kitanda. Mgonjwa alilala hivyo kwa takriban saa nzima, tumbo lake likipigwa baridi kutoka ndani.

Aliyebuni njia hiyo hakuwa muuza dawa wa mnadani. Owen Wangensteen alikuwa bingwa wa upasuaji aliyeheshimiwa nchi nzima. Miongoni mwa waliopita mikononi mwa idara yake ni Christiaan Barnard, ambaye mwaka 1967 alifanya upandikizaji wa kwanza wa moyo wa binadamu kwa binadamu kule Cape Town. Hoja ya Wangensteen nayo ilisimama vizuri. Kidonda huchomwa na tindikali ya tumbo. Tindikali hutolewa na seli zilizo kwenye ukuta wa tumbo. Seli hizo zikipigwa na baridi kali zitazubaa, na zikizubaa kidonda kitapata nafasi ya kufunga. Mgonjwa atarudi nyumbani bila kupasuliwa.

Na wagonjwa walipata nafuu. Walisema wenyewe, madaktari wao wakaandika, majarida ya kitabibu yakachapisha. Mashine zikanunuliwa na hospitali za majimbo mengi, na maelfu ya watu wakagandishwa matumbo.

Kisha likaja jaribio lililochapishwa mwaka 1969. Watafiti walikusanya wagonjwa 160 na kuwagawa kwa bahati nasibu. Wagonjwa 82 walimezeshwa puto la baridi, nyuzi 10 chini ya sifuri. Wengine 78 walimezeshwa puto lile lile, kwenye mashine ile ile, ila maji yaliyozunguka ndani yake yalikuwa na joto la nyuzi 37, sawa na joto la mwili. Mgonjwa hakujua amepata lipi, wala daktari aliyempima baadaye hakujua. Matokeo yalipofunguliwa, waliopata nafuu kwa puto la baridi walikuwa 34 katika kila 100. Waliopata nafuu kwa puto la vuguvugu walikuwa 38 katika kila 100. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuwa na maana yoyote, lakini kama ina upande, basi upande wake ni wa maji ya uvuguvugu. Mashine zikaingizwa stoo.

Wengi wanaosimulia kisa hiki huishia hapo, wakicheka. Kicheko hicho huwapitisha kando ya jambo lenye faida zaidi, nalo ni wale 38 katika kila 100. Walikuwa na vidonda, waliwekewa tumboni mfuko wa maji ya uvuguvugu, wakapata nafuu. Kwa nini?

Kwa sababu vidonda vya tumbo vina tabia moja ambayo imewadanganya madaktari, waganga na wagonjwa tangu zamani: hufunga vyenyewe, kisha hufunguka tena. Katika majaribio mengi ya dawa za tindikali yaliyofanywa kuanzia miaka ya 1970, wagonjwa waliopewa vidonge visivyo na dawa yoyote ndani walichunguzwa tena kwa kamera baada ya wiki nne, na mara kwa mara ilikutwa kwamba theluthi moja yao au zaidi vidonda vimeshajifunga. Hawakumeza kitu ila vidonge vitupu.

Ongeza hapo siku ambayo mtu huamua kutafuta dawa. Hakuna anayeondoka nyumbani kwenda kutafuta tiba siku tumbo limetulia. Huondoka siku ambayo hakulala, siku maumivu yamefika kileleni. Na akishafika kileleni, njia iliyobaki ni ya kushuka. Chochote atakachomeza siku hiyo, kiwe kidonge, kiwe mzizi, kiwe puto, kitashuhudia maumivu yakipungua na kitapokea sifa. Maumivu yakirudi baada ya miezi minne, lawama haiendi kwa dawa. Huenda kwa maharage ya juzi.

Katika Afrika Mashariki si rahisi kupanda daladala au matatu yenye abiria kumi usikute mmoja mwenye vidonda vya tumbo na wengine watatu wenye dawa yake. Huyu atataja mshubiri, yule asali, mwingine maziwa mabichi kila anapohisi moto. Na bila shaka atakuwepo wa juisi ya kabichi. Ajabu ni kwamba juisi ya kabichi haikutoka shambani kwa bibi. Mwaka 1949 daktari mmoja wa California, Garnett Cheney, alichapisha makala katika jarida la kitabibu akieleza jinsi wagonjwa 13 wa vidonda walivyokunywa juisi ya kabichi mbichi na kupona upesi. Aliamini kabichi ina kitu kinacholinda tumbo, akakiita vitamini U. Katika makala hiyo hapakuwa na kundi la pili la wagonjwa walioketi pembeni wakinywa kitu kingine chenye rangi na ladha inayofanana. Walikuwa watu 13, juisi, na nafuu. Makala ilisahaulika katika maktaba za vyuo, lakini kabichi ikaendelea na safari yake, mdomo kwa mdomo, mpaka kwenye simu za watu wa leo.

Huenda kabichi inasaidia kidogo, na huenda haisaidii hata chembe. Ushuhuda wa watu 13, au wa jirani mmoja mwenye sauti kubwa, hauwezi kutofautisha hali hizo mbili.

Kabla ya kwenda mbali, jina lenyewe linahitaji kutazamwa. Kwa Kiswahili cha mtaani, "nina vidonda vya tumbo" humaanisha karibu kila kitu kinachowaka kati ya kitovu na koo. Kiungulia kimo humo. Gesi imo. Tumbo kujaa baada ya kula kumo. Hata maumivu ya moyo yamewahi kujificha humo, na hilo ni la hatari, maana mtu wa umri wa miaka 55 anayehisi kubanwa chini ya kifua huku akitoka jasho hapaswi kupewa vidonge vya kutafuna vya kutuliza tumbo na kuambiwa apumzike. Kidonda cha kweli ni kitu cha kuonekana kwa macho: shimo kwenye ngozi laini ya ndani ya tumbo, au ya duodeni, ule mwanzo wa utumbo mdogo unaopokea chakula kinapotoka tumboni. Njia ya kukiona ni kamera, yaani endoskopi, mpira mwembamba wenye taa unaopitishwa mdomoni. Wengi wanaofanyiwa kipimo hicho kwa sababu ya maumivu ya tumbo hawakutwi na kidonda chochote. Maumivu yao ni ya kweli, ila jina wanaloyapa si lake.

Basi tuje kwenye pilipili, ambayo wengi huilaumu kwa vidonda. Mwaka 1988 David Graham na wenzake kule Houston walichapisha jaribio ambalo lingependeza sana vibandani kwa wauza mishikaki. Waliwalisha watu 12 wenye afya njema milo ya aina mbalimbali kwa siku tofauti, wakawatazama matumbo kwa kamera kila baada ya mlo. Mlo mmoja ulikuwa mkavu, bila viungo. Mwingine ulikuwa huo huo pamoja na aspirini. Mingine ilijaa viungo na pilipili. Zaidi ya hapo, wakachukua pilipili iliyosagwa, gramu 30, wakaimwaga moja kwa moja ndani ya tumbo kupitia mpira. Pilipili haikuacha jeraha la kuonekana. Aspirini ndiyo iliyoacha michubuko.

Mtu anaweza kuwashwa na pilipili, hilo halina ubishi. Ulimi wenyewe unajua. Kuwashwa na kuchimbika ni mambo mawili.

Aspirini inastahili kukaa hapo katikati ya ukurasa, kwa sababu yenyewe na ndugu zake, yaani ibuprofeni, diklofenaki na wengineo, ni moja ya visababishi vikubwa viwili vya vidonda duniani. Mwaka 1971 Mwingereza John Vane alionyesha jinsi dawa hizi zinavyofanya kazi: huzuia mwili kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Kemikali hizo ndizo zinazoleta maumivu na uvimbe, lakini ndizo hizo hizo zinazouamuru ukuta wa tumbo utoe ute wa kujikinga na tindikali yake wenyewe. Ukizizima gotini, umezizima na tumboni. Kwa sababu kazi hiyo hupitia kwenye damu, kuchomwa diklofenaki ya sindano hakulinusuru tumbo, ingawa wengi huamini hivyo. Mzee anayemeza diklofenaki kila siku kwa ajili ya magoti, aliyoinunua duka la jirani bila cheti, yuko karibu zaidi na kidonda kuliko kijana anayekula urojo wenye pilipili ya kutoa machozi.

Kisababishi kikubwa cha pili kilichukua muda mrefu zaidi kupatikana, ingawa kilikuwa mbele ya macho ya watu.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 udaktari uliishi kwa kauli moja: pasipo tindikali hapana kidonda. Kila tiba ilifuata njia hiyo. Bertram Sippy wa Chicago, mwaka 1915, aliwapa wagonjwa maziwa na krimu kila saa. Baadaye ikajulikana kwamba maziwa, yakishatuliza moto kwa dakika chache, huliamsha tumbo litoe tindikali zaidi. Madaktari wa upasuaji walikata kipande cha tumbo, au walikata neva inayoliamuru tumbo kutoa tindikali. Mwaka 1976 ikaingia sokoni simetidini, dawa iliyotokana na kazi ya James Black wa Uingereza, na kwa mara ya kwanza tindikali ikafungwa kwa kidonge. Simetidini ilikuwa dawa ya kweli, yenye majaribio ya kweli, na Black alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Ila ukiacha kumeza, kidonda kinarudi. Kwa hiyo watu walimeza miaka nenda miaka rudi, na makampuni hayakulalamika.

Tarehe 11 Juni 1979, siku aliyotimiza miaka 42, Robin Warren, mtaalamu wa patholojia katika Hospitali ya Royal Perth, magharibi mwa Australia, alikuwa akitazama kinyama kilichochunwa tumboni mwa mgonjwa. Kwenye darubini aliona vijidudu vilivyopinda, vimejipanga juu ya ngozi ya tumbo. Vitabu vilisema bakteria hawawezi kuishi kwenye tindikali ya tumbo. Warren aliwaona, akawaona tena kwa mgonjwa mwingine, na mwingine, na karibu kila mara pale walipokuwepo ukuta wa tumbo ulikuwa umevimba. Kwa miaka miwili hakupata mtu wa kumsikiliza kwa dhati. Mwaka 1981 akatokea daktari kijana, Barry Marshall, aliyekuwa mafunzoni na akitafuta mada ya utafiti.

Wawili hao walichukua vinyama kutoka kwa wagonjwa 100 na kujaribu kuwaotesha bakteria hao maabara. Sahani thelathini na kitu za mwanzo hazikuota kitu. Utaratibu wa maabara ulikuwa kutupa sahani zisizoota baada ya siku mbili. Kisha ikafika Pasaka ya mwaka 1982. Maabara ilikuwa imeelemewa na kazi ya bakteria sugu aliyekuwa akisambaa hospitalini, sikukuu nazo zikaingia kati, na sahani moja ikasahauliwa kwenye kabati la joto kwa siku tano. Waliporudi kazini, bakteria walikuwa wameota. Walikuwa wa kukua polepole tu, hawakuwahi kupewa muda. Leo wanaitwa Helicobacter pylori, na hospitalini kwetu H. pylori. Miongoni mwa wale wagonjwa 100 walikuwamo 13 wenye kidonda cha duodeni, na wote 13 walikuwa na bakteria.

Mwaka 1983 walituma muhtasari wao kwenye mkutano wa chama cha madaktari wa tumbo wa Australia. Ulikataliwa.

Hapa ndipo inapoingia glasi. Mwaka 1984 Marshall, akiwa na miaka 32, alipimwa tumbo kwa kamera likakutwa safi, kisha akanywa mchuzi wa maabara uliojaa bakteria waliotoka kwa mgonjwa. Hakuomba ruhusa ya kamati ya maadili, wala hakumwambia mkewe mapema. Baada ya siku chache alianza kutapika asubuhi, na mkewe Adrienne akalalamikia harufu ya kinywa chake. Siku ya kumi kamera ikarudishwa: ukuta wa tumbo ulikuwa umevimba na bakteria wamejaa. Adrienne alipojua, alimtaka ameze antibiotiki, akameza.

Kisa hicho ni kitamu na kimesimuliwa mpaka kimechakaa, mara nyingi kikimaliziwa kwa maneno kwamba ndipo dunia ikajua vidonda huletwa na bakteria. Sivyo. Marshall hakupata kidonda. Alipata uvimbe wa tumbo, ambao ni ndugu wa jirani tu. Alikuwa mtu mmoja, aliyejua anachokunywa na aliyetamani kwa moyo wote kuugua. Glasi yake ilionyesha jambo moja lenye thamani, kwamba bakteria hawa wanaweza kuingia kwenye tumbo zima na kuliumiza, badala ya kuja tu kuishi kwenye tumbo lililokwisha kuumia. Swali la vidonda lilibaki wazi, na madaktari wa tumbo waliokataa kushawishika mwaka ule hawakuwa wajinga wote. Walikuwa wameshauona mwisho wa puto la barafu.

Tena walikuwa na jirani mwingine wa kumkumbuka, kama wangemjua. Katika mji wa Missolonghi nchini Ugiriki, daktari wa kawaida aitwaye John Lykoudis alikuwa akitibu vidonda vya tumbo kwa antibiotiki tangu mwaka 1958, baada ya kujitibu mwenyewe na kupona. Alichanganya dawa yake, akaipa jina, akatibu maelfu ya watu waliomfuata kutoka kila upande. Jarida la Marekani alilolipelekea makala likamrudishia, na mwaka 1968 akatozwa faini ya drakma 4,000. Alifariki mwaka 1980, bakteria wa Warren wakiwa bado kwenye darubini tu.

Mweke Lykoudis kando ya Wangensteen uwatazame. Wote wawili ni madaktari, wote wana nadharia, wote wana umati wa wagonjwa wanaoapa kwamba wamepona. Mmoja alikuwa sahihi na mwingine alikosea. Mtu aliyesimama kwenye foleni nje ya mlango wao, na hata daktari mwenzao aliyesoma barua za shukrani za wagonjwa wao, asingeweza kamwe kusema ni yupi. Kilicholifichua kosa la Wangensteen ni wale wagonjwa 78 wa maji ya uvuguvugu. Lykoudis hakuwahi kuwa na 78 wake, na kwa hiyo alikufa na ukweli ambao hakuna aliyelazimika kuukubali.

Kwa bakteria, kundi la kulinganishia lilipatikana, pamoja na kwingineko, Vienna. Mwaka 1993 Enno Hentschel na wenzake walichapisha jaribio la wagonjwa 104 wenye vidonda vya duodeni vilivyokuwa vikirudi-rudi na wenye H. pylori. Wote walipewa dawa ya kupunguza tindikali. Nusu yao waliongezewa antibiotiki mbili, amoksilini na metronidazoli, ile ambayo wengi huiita flajili. Nusu nyingine waliongezewa vidonge vya kuigiza vinavyofanana na hivyo.

Baada ya wiki sita, waliomeza antibiotiki walikuwa wamepona kwa asilimia 92, na wale wengine kwa asilimia 75. Msomaji asimame hapa kidogo. Asilimia 75 walipona bila antibiotiki! Jaribio hilo lingeishia wiki ya sita, muuzaji yeyote wa dawa ya tindikali angeweza kusema tofauti si kubwa, na Lykoudis mwingine angeweza kudai ushindi, kila mmoja akiwa na mashahidi wake. Lakini watafiti wa Vienna walikuwa wanaijua tabia ya vidonda. Wakasubiri mwaka mzima. Baada ya miezi 12, vidonda vilikuwa vimerudi kwa asilimia 86 ya wale ambao hawakupata antibiotiki. Kwa waliozipata, vilirudi kwa asilimia 8.

Nambari hizo mbili, 86 na 8, ndizo zilizofunga mjadala, kwa kiasi ambacho glasi isingeweza kamwe. Februari 1994 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani ziliitisha kikao cha wataalamu kilichotamka kwamba mgonjwa wa kidonda mwenye H. pylori apewe antibiotiki. Mwaka huo huo shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliwaweka bakteria hao katika orodha ya visababishi vilivyothibitishwa vya saratani ya tumbo. Warren na Marshall walipata Nobel mwaka 2005. Warren alifariki mwaka 2024.

Mawazo je? Baada ya mwaka 1994 ilikuwa mtindo kusema kwamba msongo wa mawazo hauhusiki kabisa. Nako ni kuvuka mpaka. Januari 1995 tetemeko la ardhi liliupiga mji wa Kobe, Japani, na katika miezi iliyofuata hospitali za eneo hilo zikapokea wagonjwa wengi zaidi wa vidonda vinavyotoka damu kuliko kawaida. Wengi wao walikuwa na bakteria kabla ya tetemeko. Inaelekea shida kubwa za maisha humsukuma mtu aliyekwisha kukaa ukingoni. Bibi aliyesema mjukuu wake ana vidonda kwa sababu ya mawazo alishika ncha moja ya kamba.

Kwa nini asukumwe huyu na asisukumwe yule ni swali linaloihusu Afrika moja kwa moja. Uchambuzi mkubwa wa tafiti za dunia nzima uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba watu 70 kati ya kila 100 barani Afrika wana H. pylori, ikilinganishwa na takriban 19 kati ya 100 nchini Uswisi. Huambukizwa utotoni, zaidi ndani ya familia, kwa mate, matapishi au uchafu wa choo. Lakini vidonda havikuwahi kusambaa sawasawa na bakteria. Mwaka 1975, kabla hata bakteria hawajajulikana, daktari wa upasuaji Frank Tovey alikusanya kumbukumbu za hospitali nyingi za Afrika na kuonyesha kwamba kidonda cha duodeni kilikuwa cha kawaida katika nyanda zinazotenga maji ya Nile na ya Kongo, Rwanda na Burundi zikiwemo, na kaskazini mwa Tanzania, huku katika maeneo mengine kikiwa adimu. Mwaka 1992 mtafiti mmoja akalipa fumbo hilo jina la kitendawili cha Afrika: bakteria tele, madhara kidogo. Sehemu ya jibu ilikuwa uchache wa kamera, maana kisichotazamwa hakihesabiwi. Sehemu nyingine iko katika aina za bakteria wenyewe, kwani wapo wakali na wapo wapole, na katika miili inayowapokea. Kwa jumla, watu wengi wenye H. pylori watazeeka nao bila kupata kidonda hata kimoja.

Tumezoeana nao, na mazoea hayo ni ya kale. Watafiti waliochambua vinasaba vya H. pylori kutoka mabara yote walichapisha mwaka 2007 kwamba bakteria hao waliondoka Afrika Mashariki pamoja na binadamu, takriban miaka 58,000 iliyopita, wakiwa ndani ya matumbo ya wahamiaji. Mwanamume aliyekutwa ameganda kwenye barafu ya milima ya Alps, aliyeishi miaka 5,300 iliyopita, alikuwa nao tumboni.

Yote haya yanafikia kaunta ya duka la dawa. Kipimo kinachouzwa kwa urahisi zaidi mitaani ni cha damu: tone kidoleni, dakika chache, mistari miwili. Kipimo hicho hutafuta askari wa mwili waliowahi kupigana na H. pylori. Askari hao hubaki kwenye damu miezi mingi, hata miaka, baada ya vita kwisha. Mahali ambapo watu 70 kati ya 100 wameambukizwa, mistari miwili haimwambii mtu kama maumivu ya leo yanaletwa na bakteria, na kwa aliyekwisha kutibiwa haimwambii kama amepona. Wapo watu waliomeza dozi tatu za antibiotiki mfululizo kwa sababu kipimo cha damu "kimekataa kutoka". Vipimo vinavyosema kama bakteria wapo sasa hivi ni cha choo, cha pumzi, na kinyama kinachochukuliwa kwa kamera. Dawa za aina ya omeprazoli huviharibu vipimo hivyo. Ziachwe kwa wiki mbili kabla, kwa ushauri wa daktari.

Tiba nayo ina masharti. Ni dawa tatu au nne kwa pamoja, mara nyingi kwa siku 14, na zinachosha: mdomo huwa mchungu, tumbo huvuruga, wengi huacha siku ya tano wakijiona wamepona. Wamejiona wamepona kwa sababu ile ile iliyowaponya wagonjwa wa puto la uvuguvugu. Bakteria waliobaki hujifunza dawa. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliiweka H. pylori iliyo sugu kwa klarithromaisini, moja ya dawa kuu za tiba hiyo, katika orodha ya bakteria wanaohitaji haraka dawa mpya.

Choo kikiwa cheusi na cha kunata kama lami, matapishi yakiwa na damu au yakifanana na machicha ya kahawa, uzito ukishuka bila sababu, au chakula kikikwama wakati wa kumeza, hakuna dawa ya dukani wala ya shambani ya kujaribu kwanza. Ni hospitali siku hiyo hiyo. Na aliyemaliza dozi yake ya siku 14 asubiri angalau wiki nne, kisha aombe kipimo cha choo au cha pumzi. Akiletewa cha damu, akikatae.